Tulikwenda Nairobi kuzungumza, Kibera ikatufundisha kuhesabu

Siku ya pili ya mkutano, saa nane na nusu mchana, mtoa mada mmoja kutoka ng'ambo alionyesha ukutani picha ya mapaa ya mabati yenye kutu, yamebanana hadi macho yanapoishia. Akasema hiyo ni Kibera, na kwamba watu milioni moja wanaishi hapo. Ukumbi ulitulia. Wengine walitikisa vichwa kwa huruma. Nami nikafungua daftari nikaandika: Kibera, watu milioni moja.

Kijana aliyeketi kushoto kwangu, mtangazaji wa redio mzaliwa wa Nairobi, alitupia jicho daftari langu, akaniinamia na kuninong'oneza: "Kaka, hiyo namba umehesabu au umepewa?"

Nilikuwa nimepewa. Tena si siku hiyo tu. Namba hiyo hiyo niliwahi kuitamka kwenye kipindi changu cha Jumapili, miaka kadhaa nyuma, nilipokuwa nikiwahimiza wasikilizaji watoe sadaka kwa ajili ya maskini wa mijini. Hakuna aliyeniuliza nimeitoa wapi, na mimi sikujiuliza. Kesho yake asubuhi ratiba ilikuwa na majadiliano ya vikundi. Niliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kikundi changu, nikatoka na yule kijana kwenda kuwaona watu ambao tulikuwa tumewazungumzia siku mbili mfululizo.

Nilikuwa nimefika Nairobi kwa basi kutoka Moshi, kupitia Arusha na Namanga. Mpakani pale siku hizi msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili chini ya paa moja, tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa na Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 2018. Ukumbini tulikuwa watu wa kila namna: mapadri, wachungaji, masheikh, masista wanaoendesha studio, vijana wanaorekodi mahubiri kwa simu. Tulijadili namna redio za dini zitakavyojiendesha, uchochezi mitandaoni, na namna ya kukifikia kizazi kisichofungua redio kabisa. Zilikuwa mada nzuri na watoa mada walikuwa wamejiandaa. Lakini somo nililorudi nalo nyumbani nililipata nje ya ukumbi, Kawangware na Kibera.

Jiji lililozoea mikutano ya imani

Nairobi haikuanza jana kupokea wageni wa aina yetu. Kuanzia Novemba 23 hadi Desemba 10, 1975, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya hapo mkutano wake mkuu wa tano, wa kwanza katika ardhi ya Afrika, ndani ya jumba la mikutano la Kenyatta lililokuwa bado jipya. Kwa ajili ya mkutano huo mwandishi wa Ghana, Joe de Graft, alitunga mchezo wa kuigiza uitwao Muntu. Waandaaji walijua kwamba imani haisafiri kwa hotuba peke yake.

Muungano wa makanisa ya Afrika yote, AACC, ulioasisiwa Kampala mwaka 1963, una makao yake kando ya Waiyaki Way, na kituo chake cha mikutano kinaitwa kwa jina la Askofu Mkuu Desmond Tutu aliyewahi kuwa rais wake. AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1961, nalo lina sekretarieti yake katika jiji hilo hilo. Hewani utakuta Radio Waumini ya Wakatoliki, Iqra FM ya Waislamu, Hope FM ya Wapentekoste na nyingine nyingi.

Sisi wa Moshi tunaijua historia hii kwa upande wetu. Redio ya Sauti ya Injili iliyorusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu mwaka 1963, hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitwaa mwaka 1977, ilikuwa na studio Moshi iliyotayarisha vipindi vya Kiswahili. Baba yangu alikuwa akiisikiliza jioni, sauti ikija na kupotea kama mawimbi. Aliamini kila neno lililotoka humo. Imani ya msikilizaji wa namna ile ni amana, na aliyekabidhiwa amana hapaswi kuichezea.

Kuna mkutano mwingine ambao wenyeji waliutaja mara nyingi. Januari 20, 2007, Kongamano la Kijamii la Dunia lilifunguliwa kwa maandamano yaliyoanzia Kibera hadi Bustani ya Uhuru. Mashirika ya makanisa yalikuwa mengi humo. Shughuli zenyewe zilipohamia uwanja wa Kasarani, wakazi wa mitaa ya mabanda walikuta ada ya kuingia wasiyoiweza. Walipaza sauti langoni mpaka wakaruhusiwa. Kongamano lilikuwa limeanza mlangoni pao, kisha wao wakalazimika kugombania mlango wa kongamano.

Redio kwenye msumari

Kutoka mjini tulipanda matatu namba 46. Ilipita Yaya, ikapita nyumba zenye kuta ndefu na miti mikubwa, kisha barabara ikabanwa na watu. Hiyo ndiyo Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, mtaa unaopakana na Lavington ya matajiri. Mama mboga anakatakata sukuma wiki kwa kisu chembamba. Fundi wa simu amefungua duka lenye upana wa mlango mmoja. Kwenye nguzo za umeme yamepigiliwa mabango ya makanisa, kila moja na mshale wake. Ukiufuata mshale unafika kwenye chumba cha mabati ambacho Jumatatu hadi Ijumaa ni shule ya chekechea na Jumapili ni nyumba ya ibada.

Tulisimama kwa mama mmoja aliyekuwa akisukuma chapati. Redio yake ndogo ilining'inia kwenye msumari, kifuniko cha betri kimepotea na betri zimebanwa kwa mpira wa baiskeli. Mhubiri alikuwa hewani. Kijana wangu akamsalimu, "Mama, habari ya kazi," akanitambulisha kuwa mimi ni mgeni kutoka Tanzania, nami ni mtu wa redio za dini. Mama akafuta unga mikononi kabla ya kunipa mkono.

Nikamuuliza anapenda kusikiliza nini. Akasema anasikiliza wote, hata wa dini nyingine, mradi mtu asitukane. Nikamuuliza kuna kitu gani hakisikii. Alifikiri huku akigeuza chapati.

"Leo asubuhi walituombea maji," akasema. "Nikasema amina. Lakini mfereji uko hapo nyuma, umefungwa tangu wiki juzi, na hakuna mtu wa redio amekuja kuuliza umefungwa na nani."

Hakusema kwa hasira. Aliniwekea chapati mbili kwenye gazeti na kuuliza kama kwetu maji yapo.

Nimeyarudia maneno yake mara nyingi tangu siku ile. Ombi la maji ni jambo jema, na mama mwenyewe aliitikia amina. Lakini redio ile ile iliyokuwa na uwezo wa kumwombea ilikuwa pia na uwezo wa kumtuma mwandishi mwenye kinasa sauti, akatembea hadi kwenye mfereji, kisha akampigia simu anayehusika na kumuuliza mbele ya wasikilizaji wote.

Upande wa kaskazini wa Kawangware kuna Kangemi. Novemba 27, 2015, Papa Fransisko alifika huko, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inayohudumiwa na Wajesuiti. Kabla hajahutubia, alisikiliza ushuhuda wa mkazi wa hapo hapo. Ndipo naye akazungumzia maji, ardhi na makazi, na kuyataja maji kuwa haki ya binadamu. Utaratibu ule ulikuwa funzo tosha kwa kila mwenye kipaza sauti: mwenyeji alitangulia, mgeni akafuata.

Na wala si jambo la kigeni kwetu. Maaskofu wa AMECEA walianza kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Leo katika mitaa kama Kawangware majirani wanakutana kwenye chumba cha mmoja wao, wanasoma Neno, kisha kila mmoja anasema linalomsibu: mtoto hana karo, mume amelazwa, kodi imepanda. Mwandishi wa habari za dini anayetafuta habari ya kweli ana mahali pa kuketi kila wiki, bila kulipia ukumbi.

Mzee wa Makina

Tuliifuata Naivasha Road hadi Ngong Road, tukashuka karibu na soko la Toi na kuingia Kibera kupitia Makina. Makina ni moyo wa Wanubi. Kijana alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi kibarazani na kofia yake nyeupe. Nilimwamkia shikamoo. Alicheka, akaitikia marahaba kwa kuivuta, akasema vijana wa Nairobi wameisahau salamu hiyo.

Akanieleza kwamba jina la mahali linatokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Mababu zao walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 walipewa msitu huu wakae. Eneo lililotengwa lilikuwa ekari 4,197. Miaka ikapita, jiji likala kipande hiki na kile, na wao wakahesabiwa kama wapangaji wasio na hati katika ardhi waliyozaliwa. Juni 2017 jamii ya Wanubi ilipokea hati ya ekari 288.

"Watu wanakuja hapa na kamera," alisema mzee. "Wanapiga picha ya mtaro, wanaondoka. Mtaro ni kweli upo. Lakini sisi tuna makaburi hapa, tuna harusi hapa. Hayo hawaulizi."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ndiyo maana kumwuliza mwenyewe si adabu tu, ni sharti la kujua.

Namba iliyotiwa chumvi

Sasa nirudi kwenye daftari langu. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba Kibera ina watu 700,000, mara milioni moja, mara zaidi, na kwamba hakuna mtaa wa mabanda mkubwa kuliko huo barani Afrika. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilipotangazwa mwaka uliofuata, ilionyesha watu 170,070. Wapo waliopinga, wakisema makarani hawakufika kila mlango. Watafiti wa taasisi ya Kifaransa ya IFRA iliyopo Nairobi nao walifanya hesabu zao, wakapata takriban watu 200,000. Hata ukichukua hesabu ya juu, milioni moja haipo.

Namba ya uongo iliishije miaka yote hiyo? Iliishi kwa sababu kila mmoja aliihitaji. Mwombaji wa ufadhili alipata sababu ya kuomba zaidi. Mwanasiasa alipata umati. Mwandishi alipata kichwa cha habari. Na sisi wa dini, inaniuma kulisema, tulipata mahubiri ya kutoa machozi. Hakuna aliyeona kuwa anadanganya, maana kila mmoja alikuwa ameipokea kwa mwenzake.

Mtu anaweza kuuliza, kuna ubaya gani iwapo namba kubwa ilileta msaada mkubwa? Ubaya upo. Ukiwa na hesabu ya watu wasiokuwepo, hujui unahitaji vyoo vingapi, mabomba mangapi, madarasa mangapi. Tena mtu akishakuwa sehemu ya milioni, hana jina. Na siku ukweli unapojulikana, anayetiliwa shaka ni yule maskini, wakati aliyetia chumvi yuko mbali. Watu 170,000 waliobanana katika nyumba za chumba kimoja, wengi wakilipia choo na maji ya mtungi, wanatosha kabisa kuumiza moyo wa mwenye imani. Hawakuhitaji kuongezewa.

Dini zetu hazikutuacha gizani katika jambo hili. Amri zinakataza ushahidi wa uongo juu ya jirani, na hazikusema kwamba uongo wa huruma umesamehewa. Surat Al-Hujurat, aya ya sita, inawaamuru waumini waichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, wasije wakawadhuru watu bila kujua. Ni kanuni ya chumba cha habari, iliyoshuka kabla ya vyumba vya habari kuwepo.

Waliochukua kalamu wenyewe

Wakazi hawakungoja tuwasahihishie. Hadi mwaka 2009, ramani za kawaida ziliiacha Kibera kama uwanja mtupu katikati ya jiji. Mwaka huo vijana wa hapo hapo, katika mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoro na vifaa vya kupima mahali, wakaweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kliniki, shule, misikiti, makanisa, vyoo na vituo vya maji. Mwaka uliofuata wakaanza kurekodi habari za mtaa wao kwa video.

Pamoja FM nayo ilianza mwaka 2007, redio ya jamii iliyo ndani ya Kibera, na haikuchukua muda ikajaribiwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo Kenya iliwaka. Kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, watu 1,133 waliuawa. Kibera makanisa yalichomwa, na vijana waling'oa reli ya kwenda Uganda inayopita katikati ya mtaa. Katika siku zile Pamoja FM ilikaa hewani ikiwasihi vijana kwa lugha yao watulie, wakati baadhi ya redio kubwa zilikuwa zikilaumiwa kwa kuchochea.

Viongozi wa dini wenyewe hawakutoka salama. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, liliwaomba Wakenya msamaha hadharani kwa kuegemea upande. Kukiri kule kulihitaji ujasiri, na kila mtangazaji wa dini Afrika Mashariki angefaa kukusoma kabla ya kila uchaguzi. Hatari haijaondoka: Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, ni Kawangware iliyoshuhudia majirani wakigeukiana na maduka yakiteketea.

Tangazo kabla ya Alasiri

Tulipokuwa bado kibarazani kwa mzee, kipaza sauti cha msikiti kiliguna. Nilidhani ni adhana, lakini wakati ulikuwa haujafika. Sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiswahili cha polepole kwamba kuna mtoto wa kike ameokotwa, ana umri wa kama miaka minne, amevaa sweta ya kijani, hana viatu, yuko salama msikitini. Akarudia mara tatu. Hakuongeza neno.

Mzee alinyamaza akisikiliza kana kwamba mtoto ni wake. Hazikupita dakika kumi, mwanamke akapita mbele yetu akikimbia, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Rozari ilikuwa ikirukaruka kifuani mwake. Aliingia ua wa msikiti na kutoka na mtoto mgongoni. Kipaza sauti kikaguna tena: mtoto amempata mama yake, asanteni.

Siku nne za mkutano hazikunipa maelezo bora kuliko hayo ya mawasiliano ya dini. Habari ilikuwa ya kweli, imethibitishwa, ina maelezo kamili, imetolewa kwa lugha inayoeleweka, kwa faida ya aliyepotewa, bila kuuliza anasali wapi. Na ilipokwisha kufanya kazi yake, ilifungwa kwa taarifa ya mwisho ili watu waache kutafuta.

Ombi langu

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaoandaa mikutano yetu ya kimataifa, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, nawaomba watenge walau siku moja kati ya siku zote iwe ya kwenda mtaani kusikiliza, bila kamera, na wakazi wawili watatu wapewe nafasi ya kusema ukumbini kabla ya mtoa mada yeyote kusimama. Nawaomba watangazaji na waandishi wenzangu wa dini zote tusitamke namba ya maskini tusiyojua imetoka wapi. Na tukishaandika habari ya mtu, tumrudishie aisikie kabla ya kuipeleka kwa wafadhili.

Jumapili iliyofuata nilikuwa studio Moshi. Kabla ya wimbo wa kwanza niliwaambia wasikilizaji kwamba siku za nyuma niliwapa habari isiyo sahihi kuhusu Kibera, nikawataka radhi, nikawapa hesabu ya sensa na jinsi ilivyopatikana. Nilihofia wataniona mzembe. Simu ya kwanza kuingia ilitoka kwa mzee mmoja wa Machame. Alisema amesikiliza redio za dini maisha yake yote, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia mtangazaji akijisahihisha.

Isiwe ya mwisho. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na sisi tunaosema kwa jina lake hatuna ruhusa ya kuwa kitu kingine.